Ringo Hakubebwa

Eti Ringo Starr alibebwa na wenzake wa Beatles! Wanaosema hivyo wana shahidi mmoja tu: eti John Lennon mwenyewe alisema Ringo hakuwa mpiga dramu bora hata ndani ya kundi lao. Uongo mtupu. Mwanahistoria Mark Lewisohn aliufuatilia mzaha huo akaukuta kwenye kipindi cha vichekesho cha redio ya BBC, mwaka 1981. Lennon aliuawa Desemba 1980. Maiti hasemi, bwana!

Hebu tumia masikio yako. Ringo ni wa mkono wa kushoto, lakini dramu zake hupangwa kama za mtu wa kulia. Ndiyo maana mapigo yake hayafanani na ya wengine. Sikiliza "Rain" ya 1966. Kisha "Come Together" ya 1969: ondoa ngoma zile, kinabaki nini?

Mimi nahangaika na riwaya yangu ya kwanza, na najua mhusika mkimya aweza kubeba kitabu kizima. Lakini sisi jamani! Mwenye mbwembwe tunampigia makofi, na aliyeshika nguzo ya nyumba tunamwita mzigo.