Bomba la pikipiki: kung'arisha si kuficha



Mama mmoja wa Mugumu, wilayani Serengeti, ametuletea swali ambalo kwanza lilitufanya tutabasamu, kisha likatukalisha kitako. Kijana wake anaendesha bodaboda kati ya Mugumu na Nyamongo, upande wa Tarime. Miezi mitatu iliyopita alinunua pikipiki iliyokwisha kutumika, bomba lake la moshi likimeta kama kioo. Mvua zilipoanza, mng'ao ule ukabanduka magamba magamba. Chini yake ikaonekana kutu, na chini ya kutu tundu. Kumbe ilikuwa ni rangi ya fedha ya kupuliza. Sasa kijana anataka kufanya kama alivyofanyiwa: azibe tundu, apulize rangi, auze. Mama anauliza mambo mawili. Bomba la kromu husafishwaje hata likadumu? Na je, mwanawe akiuza kwa namna hiyo ana dhambi?

Tutaanza na la kwanza, kwani la pili limesimama juu yake.

Kromu ni madini yaliyogunduliwa na mwanakemia Vauquelin wa Ufaransa mwaka 1797, na jina lake limetoka katika neno la Kiyunani lenye maana ya rangi. Yenyewe haishiki kutu. Lakini bomba la pikipiki si la kromu. Ni la chuma. Chuma hicho hupakwa nikeli kwa njia ya umeme, na juu ya nikeli ndipo huwekwa kromu, utando mwembamba mno ambao aghalabu haufikii hata sehemu moja ya elfu ya milimita. Anayeisugua ekzosi kwa nguvu kama anayesugua sufuria lililoungua anapaswa kulikumbuka hilo. Mng'ao wote anaoufurahia umebebwa na ngozi nyembamba kuliko ya kitunguu. Ukishakwaruzika, maji hupenya kwenye vitundu visivyoonekana kwa macho, na chuma kilicho chini huanza kuliwa kimya kimya.

Na maji hayapungui huko. Milima ya Tarime hupata mvua nyingi, na tope lake jekundu huganda kwenye bomba la moto kama tofali linalochomwa. Ukishuka kuelekea Mto Mara, unaozitenganisha wilaya hizi mbili, na kuingia Serengeti, tope huwa vumbi. Barabara ya Tarime hadi Mugumu, inayokaribia kilomita 90, ilikuwa ya changarawe kwa miaka mingi, na kila gari lililopita liliwamwagia waendesha pikipiki kokoto na mchanga. Tena hii ni nchi ya ng'ombe. Samadi mbichi iliyorukia bomba na kuokwa na joto la injini ni kali kwa chuma, na kwa madhehebu ya Imam Shafi ni najisi. Abiria asiingiwe na wasiwasi kupita kiasi: iliyokauka kabisa ikigusana na nguo kavu haiinajisi. Ila siku za mvua nguo huwa imelowa, na hapo jambo hubadilika. Vitabu vyetu vya fiqhi hufunguliwa kwa mlango wa tohara. Dereva Muislamu anayebeba watu waendao msikitini ana sababu ya ziada ya kuosha chombo chake.

Namna ya kuosha ni hii. Kwanza bomba lipoe kabisa, hata uweze kulishika kwa kiganja. Wapo wanaomwaga maji likiwa bado linafuka, wakifurahia ule mlio wa mvuke. Chuma hujikunja ghafla, utando wa kromu hupata nyufa, na mvuke huo huweza kumbabua mwoshaji. Likisha poa, ziba mdomo wa nyuma kwa kitambaa au mfuko ili maji yasiingie, kisha lainisha tope kwa maji mengi kabla ya kugusa kwa kitambaa. Tope lina mchanga, na kulisugua likiwa kavu ni sawa na kupiga msasa. Tumia sabuni ya maji na kitambaa laini cha pamba. Fulana kuukuu yafaa, na kipande cha kanga iliyochakaa chafaa zaidi. Suuza, kausha, na tafadhali ondoa ulichozibia. Tumewahi kuona injini ikihangaishwa nusu saa nzima isiwake, watu wakilaumu plagi, kumbe mfuko wa plastiki umesahauliwa nyuma. Baada ya hapo washa injini dakika chache ili unyevu ukauke.

Kuosha huko kufanyike mbali na mto. Najua vijana hupenda kuingiza pikipiki majini na kumaliza kazi kwa mkupuo mmoja, lakini mafuta na sabuni vinavyotoka hapo huenda kwa mwenye kuchota wa chini. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza ndani ya mita 60 kutoka mtoni shughuli zinazoweza kuyaharibu mazingira yake. Ndoo mbili zinatosha pikipiki moja, na sisi ni umma uliofundishwa kutofuja maji hata katika udhu.

Kama kuna kutu juu juu, vile vidoadoa vya rangi ya kahawia, acheni stili waya jikoni kwa masufuria. Tunasema hivi kwa uchungu wa aliyeonja. Miaka kadhaa nyuma tuliazima pikipiki ya ndugu yetu, na kwa nia njema tukaisugua ekzosi yake kwa stili waya mpaka ikang'aa. Baada ya mvua tatu ikawa na kutu kuliko mwanzo, na shukrani tuliyotarajia ikageuka kuwa deni. Kinachofaa ni foili, ile karatasi ya alumini ya kufungia chakula. Ifinyange, ichovye katika maji au siki kidogo, kisha sugua taratibu pasipo kukamia. Alumini ni laini kuliko kromu, hivyo huondoa kutu bila kukwaruza utando. Suuza siki yote, kausha, halafu paka polishi ya kromu au nta ya gari kwenye sailensa na kava lake. Sehemu ya mbele inayotoka kwenye silinda usiipake nta, kwa kuwa joto la hapo huiunguza na kuacha madoa. Hata alama za vidole zenye mafuta zifutwe kabla ya kuwasha, maana zikishaokwa hazitoki kwa urahisi.

Maji ya betri yasikaribie kabisa. Tunasikia yanasifiwa vijiweni kwamba yanakula kutu mara moja. Ni kweli yanakula kutu, lakini ni tindikali: yanakula na chuma, na ngozi, na jicho la mtoto aliyechuchumaa pembeni akitazama.

Wengi hutuuliza pia juu ya ile rangi ya dhahabu na samawati inayojitokeza karibu na injini. Huo si uchafu. Ni joto limepita kiasi, na polishi ikiiondoa leo itarudi kesho. Mpelekee fundi akague: huenda petroli inayoingia ni pungufu kuliko hewa, au gasketi ya ekzosi inavujisha. Mdomo wa bomba nao una habari zake. Masizi makavu meusi yanasema petroli inazidi. Masizi yenye utelezi wa mafuta yanasema oili inaungua ndani, na huenda ringi za pistoni zimechoka. Mnunuzi mwenye busara hupitisha kidole hapo, bomba likiwa limepoa, kabla ya kutoa fedha.

Jambo la kushangaza ni kwamba mabomba mengi hayaozi kutoka nje. Petroli inapoungua huzaa maji, takriban lita moja kwa kila lita ya petroli. Safari ikiwa ndefu maji hayo hutoka kama mvuke. Safari fupi fupi za sokoni na stendi huyaacha ndani ya sailensa, yakitulia chini usiku kucha. Baadhi ya sailensa zina kitundu kidogo upande wa chini kwa ajili ya kuyatoa. Msikizibe mkidhani ni ubovu. Na pikipiki iliyozungushwa mjini wiki nzima ipewe mwendo mrefu kidogo, ipate joto la kutosha kukauka.

Tusiondoke hapo kabla ya kuwagusia kina mama na watoto, kwa kuwa bomba hilo hilo linalong'aa ndilo linalowachoma. Alama ya ekzosi kwenye ndama ya mguu imekuwa kama chanjo, kila nyumba utaikuta. Baibui nyingi za siku hizi ni za nailoni: zikigusa bomba huyeyuka na kunata, na zikining'inia huweza kuvutwa na tairi au mnyororo. Zikusanywe na kukaliwa kabla ya pikipiki kuondoka, na ushukie upande usio na bomba. Akiungua mtu, weka palipoungua chini ya maji safi ya baridi yanayotiririka kwa dakika 20, vua pete au bangili mapema kabla hapajavimba, kisha funika kwa kitambaa safi. Dawa ya meno, samli na mafuta ya taa havina kazi hapo. Mtoto mdogo, au jeraha kubwa kuliko kiganja, apelekwe hospitali bila kungoja. Ile nailoni iliyonata kwenye bomba nayo huondolewa kwa kijiti cha mti, bomba likipashwa moto kidogo tu. Kisu kitachukua nailoni pamoja na kromu.

Sasa swali la pili, ambalo ndilo lililomnyima mama yetu usingizi.

Wenyeji wa Tarime na Serengeti wanaijua vizuri hila moja ya mnadani: ng'ombe haukamuliwi siku moja au mbili kabla ya kuuzwa, kiwele kinajaa, mnunuzi anadhani amepata ng'ombe wa maziwa. Mtume (s.a.w.) alikataza hila hiyo hasa, akawataja ngamia na kondoo, na akampa aliyehadaika hiari ya kumbakisha mnyama au kumrudisha. Vilevile ilipokewa kwamba alipita sokoni penye rundo la chakula, akaingiza mkono wake na kukuta unyevu chini, akamkemea muuzaji kwa kutouweka juu watu wauone. Tukiyatazama mawili hayo, rangi ya fedha juu ya bomba lililooza haina tofauti na kiwele kilichoachwa kijae. Kulisafisha bomba, kulipiga polishi, hata kulipaka rangi ya kustahimili joto kwa ajili ya kulihifadhi, yote ni halali na ni vizuri. Kuziba tundu kwa gundi na kulifunika kwa rangi ili mwenzako asilione ni ghishi, na kule kwamba yeye mwenyewe alifanyiwa hakumhalalishii kumfanyia wa tatu ambaye hakumkosea kitu.

Je, anaweza kumrudishia aliyemuuzia? Asili ya sheria ni kwamba mnunuzi aliyegundua aibu iliyokuwepo kabla ya kununua ana haki ya kurudisha. Lakini kwa madhehebu ya Shafi haki hiyo hudaiwa mara tu aibu inapojulikana, na kuendelea kukitumia kitu baada ya kujua huhesabiwa kuwa ni kuridhia. Kijana ameendelea kubeba abiria tangu mvua zianze. Kwa hiyo tunachelea kwamba mlango huo umefungwa au unakaribia kufungwa, na tunamshauri mama amfikishe kwa sheikh wa msikiti wao, pamoja na muuzaji kama atakubali, wasikilizwe wote wawili. Hatuwezi kuhukumu kwa kusikia upande mmoja.

Wakati huo huo bomba lenye tundu lisiendelee kutembea. Moshi wake humfikia abiria, na mlio wake ukipita msikitini wakati wa swala kila mtu safuni anajua ni nani. Fundi wa kuchomelea anaweza kuweka kiraka cha bati la chuma kama mwili wa sailensa bado una nguvu. Ukibonyea kwa kidole gumba, basi anunue nyingine. Wala asihuzunike akikosa ya kromu. Pikipiki nyingi za kazi zina bomba jeusi na kava tu ndilo linalong'aa, nazo zinafika Nyamongo vilevile. Akitaka kuuza baada ya hapo, amwambie mnunuzi kwamba lina kiraka, amwonyeshe kilipo, na bei waikubaliane wakiwa wamepainama wote wawili. Huenda akapungukiwa fedha kidogo.

Mama yetu, mfikishie salamu zetu. Wiki ijayo, Inshaallah, tutajibu barua ya kutoka Sirari kuhusu mnyororo na oili yake.