Kijiji Kilichojifungia ili Jirani Asalimike



Juma hili twawaombeni mtufuate hadi kijiji cha Eyam, katika jimbo la Derbyshire, Uingereza. Ni kijiji cha vilimani chenye nyumba za mawe na kanisa kongwe. Mgeni apitaye huona jambo asilolizoea: kwenye baadhi ya nyumba pamewekwa vibao vyenye majina ya waliokuwa wakikaa humo na tarehe walizofariki. Aghalabu ni mume, mke na watoto, na tarehe zao zafuatana.

Mwaka 1665 tauni ilikuwa ikiangamiza watu London. Husimuliwa kwamba robota la nguo lililetwa kutoka huko kwa fundi mshonaji wa Eyam, likiwa na unyevu, likaanikwa mbele ya moto, kumbe mna viroboto. Mapema Septemba George Viccars, aliyekuwa akifanya kazi kwa fundi huyo, akafa. Akafuata jirani, na jirani wa jirani.

Juni 1666 maradhi yalipochacha, kasisi wa kijiji, William Mompesson, aliwataka watu jambo zito: asitoke mtu, wasije wakayapeleka maradhi vijiji vingine. Naye alikuwa kijana, tena mgeni. Wengi nyoyo zao zilikuwa bado kwa Thomas Stanley, kasisi wa zamani, aliyeondolewa kwa kukataa taratibu mpya za kanisa la serikali. Wawili hawa walikuwa na kila sababu ya kutosalimiana. Lakini waliiweka hitilafu yao kando, wakasimama pamoja mbele ya watu, na watu wakaridhia.

Mpaka ukawekwa. Jirani walileta chakula wakakiacha mpakani, na malipo yakawekwa kwenye matundu ya jiwe yaliyotiwa siki ili sarafu zisafike. Mtukufu wa Devonshire, mwenye kasri ya Chatsworth, naye alisaidia kwa chakula. Kanisa likafungwa, ibada ikafanywa bondeni, kila jamaa wakisimama mbali na wenzao. Na kila nyumba ikazika maiti wake yenyewe.

Mama zetu, hapa mzigo ulimwelemea mwanamke. Elizabeth Hancock, mke wa mkulima, alizika mumewe na watoto 6 katika siku 8 za Agosti 1666, kwa mikono yake. Makaburi yale yangalipo kondeni, yamezungushiwa ukuta wa mawe. Catherine, mkewe Mompesson, watoto wake walipelekwa mbali kabla ya mpaka kufungwa. Yeye alikataa kumwacha mumewe, akafa mwezi ule ule.

Tauni ilikwisha Novemba 1666. Watu wapatao 260 walikuwa wamekufa, na vijiji vya jirani vikasalimika.

Sisi twajua kwamba Mtume wetu (S.A.W.) alifundisha mtu asiingie katika nchi yenye tauni, wala aliyemo asitoke kwa kuikimbia, na Sayyidna Umar (R.A.) alirudi njiani alipokuwa akielekea Sham. Watu wa Eyam walikuwa Wakristo wa mashambani, nao walifikia tendo lilo hilo kwa njia yao. Haki ya jirani huonekana siku inapogharimu.

Lakini lililotuvutia zaidi ni wafanyavyo watu wa Eyam hata leo. Kila Jumapili ya mwisho ya Agosti hukusanyika katika bonde lile lile kuwakumbuka waliokufa. Na katika mwezi huo huo hupamba visima vyao kwa picha zilizoundwa kwa maua na majani yaliyokandikwa juu ya udongo wa mfinyanzi. Ni kazi ya mikono mingi, wakubwa kwa wadogo, na mtoto anayebandika ua hukua akijua kijiji chake kilifanya nini.

Mei 2020, Mji wa Kale wa Mombasa ulipofungwa kwa sababu ya korona, sisi nasi tulionja kufungiwa. Je, katika mtaa wako nani alipeleka unga mlangoni kwa mjane? Nani aliosha maiti ilhali wengine wakiogopa? Mambo hayo yangali hai vinywani mwa mama na nyanya zetu, lakini kinywa hakidumu. Basi jioni moja waketini nao, watoto wakiwapo, muwaulize, na mmoja ayaandike katika daftari la nyumba, majina na tarehe.

Na palipo na viongozi wawili wa mtaa mmoja wasiosemezana, wasingoje msiba ndipo wasimame pamoja.

Mwenyezi Mungu atukinge na maradhi, awarehemu waliotutangulia, na atujaalie kuwa majirani wema. Amin.