Mwendo wa Kutoka Unguja Mpaka Pemba

Watu wengi wakiulizwa, "Pemba ni mbali kadiri gani na Unguja?" hujibu upesi, "Nusu saa tu kwa eropleni." Jibu hili si la uwongo, lakini kwa maoni yangu limepungua, na mwanafunzi aliyesoma jiografia haimpasi kuridhika nalo.

Tutazame ramani kwanza. Kiwanja cha ndege cha Unguja kipo Kisauni, kusini ya mji. Cha Pemba kipo karibu na Chake Chake, katikati ya kisiwa. Mstari ulionyoka baina ya viwanja hivyo wapata kilomita 125 hivi. Eropleni ndogo huumaliza mwendo huo kwa muda wa nusu saa, pengine zaidi au pungufu kidogo, kwa kuwa upepo wa kusi humsukuma aendaye Pemba, na wa kaskazi humzuia.

Sasa mfikirini mvuvi wa Nungwi, ncha ya kaskazini ya Unguja, ambaye ndugu yake akaa Mkoani. Kati yao pana bahari ya kilomita 55 hivi. Akitaka kupanda eropleni, hana budi kwanza kushuka kusini kwa gari, karibu kilomita 60, aupite mji mpaka Kisauni, yaani aipe mgongo Pemba anakokwenda! Hapo atangoja, mizigo ipimwe na jina litazamwe. Kisha ataruka kurudi kaskazini mpaka Chake Chake, na akishuka atapanda gari tena kwenda kusini mpaka Mkoani. Ile nusu saa imekwisha kuwa nusu ya siku, na nauli imekula samaki wa siku nyingi. Hesabu ya kiwanja kwa kiwanja ni hesabu ya eropleni, wala si ya abiria.

Yumkini mtu atasema, "Basi na aende kwa chombo." Naam, wengi huenda hivyo, lakini mkondo wa Nungwi si wa kuchezewa. Mwezi wa Septemba 2011, meli iitwayo Spice Islander, iliyotoka Unguja usiku kwenda Pemba, ilizama huko, wakafa watu zaidi ya 200. Wako wanaosema kwamba bahari ndiyo iliyowaua. Mimi sikubali. Bahari ile ndiyo waliyoivuka babu zetu kwa majahazi. Meli ilipakiwa kupita kiasi chake. Njia ya maskini ni chombo, nayo yastahili kulindwa kwa ukali ule ule wa eropleni, ambamo kila mzigo hupimwa na kila mtu ana kiti chake.

Lakini nisiionee eropleni. Mgonjwa wa Konde aliyeandikiwa kupelekwa hospitali ya Mnazi Mmoja, kwake nusu saa ile ni neema kubwa, kwani mwili wake hauwezi kustahimili mawimbi. Hata hivyo, kabla ya kuruka hana budi kufika Chake Chake, na barabara ikiwa mbovu, wepesi wa eropleni haumfai kitu.

Chukueni ramani ya visiwa hivi na rula, mpime ninyi wenyewe kutoka Konde mpaka Makunduchi: kwanza kwa njia ya kunguru, kisha kwa njia apitayo mtu.