Uongo wenye kipimo

Darasani, kwa Grice, uongo ni uvunjaji wa kanuni. Mimi naona kanuni hiyo haitoshi. Mwaka 1944 von Neumann na Morgenstern walionyesha, kwa mchezo wa poka, kwamba anayeweka dau kubwa kwa karata nzuri tu husomwa mara moja, na wenzake hukimbia. Ukiweka dau sawa na fedha zilizoko mezani, kwenye karata ya mwisho, moja kati ya madau matatu liwe la uongo. Ukizidisha, utafuatwa kila mara. Mashindanoni, karibu na zawadi, mtishe mwenye jetoni za wastani, maana anaogopa kutolewa. (Aliyekata tamaa, mwache!) Basi maana ya dau hutokana na uwiano huo. Pragmatiki yetu nayo ihesabu.