Maskini Mzee

Msomaji wangu, yako maneno mepesi ya kutamka yaliyo mazito ya kusamehe. Moja katika hayo nililisikia jioni moja katika bustani ndogo mjini Nairobi, ambamo mzee mmoja, mpiga gitaa la muziki wa roki, alikuwa amealikwa kutumbuiza. Jina lake nitalisitiri, kwa kuwa alikuja kupiga muziki, hakuja kujadiliwa. Jukwaa lake lilikuwa mbao chache zilizolazwa juu ya kreti za soda, chini ya mti. Hatukutimia watu mia. Watoto walikimbizana nyasini, na moshi wa nyama choma ulipita usoni pake kila upepo ulipogeuka. Mzee akavaa miwani, akakaza nyuzi, akaanza. Nyuma yangu kijana mmoja akamnong'oneza mwenzake: "Maskini mzee! Na huyu zamani alijaza kumbi."

Sikumjibu wakati ule, maana muziki ulikuwa umeanza. Namjibu sasa, na wewe uwe shahidi.

Maskini kwa lipi? Lau kijana yule angalimkuta seremala wa miaka sabini na randa yake mkononi, angalimwita fundi. Mshairi mwenye mvi hupishwa njia, na mganga mkongwe hufuatwa kutoka mbali. Ni mwanamuziki wa roki peke yake tuliyemtoa katika adabu hii, tukamtaka ama afe kijana ama anyamaze. Najua husemwa kwamba roki ni muziki wa vijana. Ulikuwa wao, naam, katika miaka ya 1950 na 1960. Lakini vijana wale hawakuweka ahadi na mtu yeyote kwamba hawatazeeka.

Walakini si umri uliomhuzunisha kijana yule, bali uchache wetu. Alihesabu vichwa, akaona ni vichache, akahukumu kwamba mtu ameanguka. Hukumu hiyo ndiyo ninayoipinga kwa nguvu zangu zote, nami nitakuletea watu wawili ili upime mwenyewe.

Wa kwanza ni Mick Jagger wa Uingereza, aliyezaliwa mwaka 1943. Mwaka 2024, akiwa na umri wa miaka 80, alizunguka Marekani na kundi lake la Rolling Stones akiimba katika viwanja vikubwa vya michezo. Wa pili ni Emmanuel Chanda wa Zambia, ambaye katika ujana wake aliitwa Jagari kwa kufananishwa na huyo huyo Jagger. Kundi lake, WITCH, lilitoa santuri yake ya kwanza mwaka 1972. Zambia ilikuwa nchi changa yenye shaba nyingi, na vijana wa miji ya migodi walilichukua gitaa la umeme wakaliunga na midundo ya nyumbani, hata muziki wao ukapata jina lake, Zamrock. Watu walimiminika kuwasikiliza.

Kisha katikati ya miaka ya 1970 bei ya shaba ikaanguka. Vita vya ukombozi katika nchi za jirani vikaleta amri za kutotoka nje usiku, na muziki wa usiku ungechezwa na nani? Jagari akaacha kundi, akasomea ualimu. Baadaye akachimba vito. UKIMWI ukawachukua wengi wa wenzake. Katika miaka ya 2010 santuri zile zilipotolewa upya ng'ambo, mzee alirudi jukwaani, na mwaka 2023 WITCH ikatoa santuri mpya, Zango.

Sasa niambie: katika miaka yote ile ya kimya, ni koo la Jagari lililopungua thamani, au ni shaba? Ukubwa wa jukwaa hueleza habari za fedha, za vita na za barabara. Habari za mwimbaji huzieleza kwa nadra sana. Nasi tusijione kuwa mbali na jambo hili. Kundi jingine la Zambia, Musi-O-Tunya, liliishi na kurekodi hapa hapa Nairobi katika miaka ile ya 1970. Waulize jirani zako kama wanalijua.

Na uwanja mkubwa, kwani humpa nini msikilizaji? Sauti hukata kama mita 340 kwa sekunde. Aliye mita 170 kutoka jukwaani huuona mkono ukigusa uzi, na mlio humfikia baada ya nusu ya sekunde. Mimi bustanini nilikuwa hatua sita. Niliona kidole chake cha shahada kilichopinda kwa miaka ya nyuzi. Nilisikia pumzi yake kabla ya neno. Sikatai kwamba sauti imechakaa, na mara mbili alipotewa na maneno. Lakini alipofika penye kilele cha wimbo, pale ambapo ujanani alipanda kwa koo, hakujaribu kupanda. Alinyamaza, akaliachia gitaa lipande badala yake, naye akatazama chini kama anayemsikiliza mtu mwingine. Ujanja ule haujulikani kwa mtu wa miaka ishirini, wala aliyeketi mita 170 asingaliung'amua.

Utasema kijana yule alikuwa na huruma tu, na huruma si kosa. Huenda. Ila niliingia nyuma yake langoni, nikamsikia akimwambia mlinzi kwamba yeye ni jamaa ya wapiga ngoma, ili asilipe kiingilio. Mzee yule hula kwa kiingilio. Huruma isiyotoa shilingi mia mbili kwa kazi ya saa mbili nashindwa kuipa jina.

Muziki ulipokwisha, mzee alikusanya nyaya zake mwenyewe, akizizungusha kiwikoni polepole. Spika ilimshinda kuinua. Akatupa macho, akamwona kijana wetu aliye karibu, akamwita. Kijana akaja, akaikumbatia, akayumba.

"Ishike vizuri, mwanangu," mzee akamwambia. "Hiyo imemzidi baba yako umri, na bado inafanya kazi."