Mama Fulani Alikuwa na Jina Lake: Nasaba Zetu Zinakatikia kwa Wanawake



Sote tumelelewa na matangazo ya vifo ya redioni. Saa yake ikifika nyumba nzima inanyamaza. Bwana Fulani wa Mwembeladu anasikitika kutangaza kifo cha mama yake mzazi, habari ziwafikie Fulani wa Chake Chake, Fulani wa Bagamoyo, Fulani wa Tanga na jamaa wote popote walipo, maziko yatakuwa leo saa kumi. Kwa dakika moja unausikia ukoo mzima ukipangwa, kisiwa kwa kisiwa na mji kwa mji. Anayetafuta asili yake angelipata tangazo kama hilo la miaka hamsini nyuma, angelishukuru Mungu.

Sasa sikiliza tena, umtafute marehemu. Yako matangazo yanayomtaja kwa jina lake, jina la baba na la babu. Na yako ambayo ukifika mwisho unajua majina ya wanawe, wakwe zake na wajukuu zake wenye vyeo, lakini yeye mwenyewe ni "mama yake Fulani" tu. Ameishi miaka themanini, amezaa, amezika, amelea watoto wa watu, na siku ya kuondoka hakupewa hata jina alilopewa siku ya saba.

Maoni yangu ni haya: nasaba zetu za pwani hazikupotezwa na uchache wa karatasi peke yake. Zimepotea kwa sababu hatuyaandiki majina ya wanawake, na sisi wanawake ndio wa kwanza kunyamaza.

Vuka kwenda Mrima uone

Wengi wetu Unguja tuna bibi au babu aliyetoka Mrima, na Bagamoyo ndiyo inayotajwa sana. Ukienda kutafuta athari zao, unaanzia makaburini.

Kaole, mwendo wa kilomita tano hivi kusini ya mji wa Bagamoyo, pana magofu ya misikiti miwili na makaburi ya mawe ya karne nyingi, mengine yana nguzo ndefu. Ukiteremka pwani hadi Kunduchi, kaskazini ya Dar es Salaam, utakuta makaburi ya nguzo yaliyopambwa kwa sahani za Kichina, na baadhi yana maandishi ya Kiarabu. Wenye uwezo walijengewa na wakaandikiwa. Kaole kaburi la mwanamke linalojulikana kuliko yote huitwa kaburi la Sharifa. Kwetu sharifa ni jina na pia ni cheo cha mwanamke wa ukoo wa Mtume (S.A.W.). Anayelisikia kwa mara ya kwanza hajui kama ameambiwa jina au ameambiwa cheo, na mama yake Sharifa hatajwi kabisa.

Mjini penyewe, karibu na bahari, pana makaburi ya Wajerumani waliokufa wakati wa vita vya Abushiri vya 1888 na 1889 na miaka iliyofuata. Wana majina na tarehe. Wenyeji walionyongwa na Wajerumani hao wana kumbukumbu pale palipokuwa na mti wa kunyongea, nayo ni kumbukumbu ya wote kwa jumla. Mjukuu wa Mjerumani akija leo kutoka Ulaya ataonyeshwa kaburi la babu yake. Mjukuu wa aliyenyongwa atasimama mbele ya jiwe la watu wengi, asijue babu yake ni nani kati yao.

Kanisani ni hivyo hivyo. Mapadri wa Roho Mtakatifu walifika Bagamoyo mwaka 1868 wakaanzisha kijiji cha watu waliokombolewa utumwani. Desturi ya Kanisa Katoliki ni kuandika ubatizo, ndoa na mazishi, kwa hiyo ndugu zetu Wakristo wa pale wana mlango wa kubisha hodi. Lakini aliyebatizwa alipewa jina jipya, na jina alilopewa na mama yake kule bara aghalabu lilibaki nyuma.

Mwezi wa Februari 1874 mwili wa David Livingstone ulifikishwa misheni hiyo, baada ya watu wake kuubeba miezi mingi kutoka bara. Shule tulisomeshwa Chuma na Susi. Nani alitusomesha Halima? Alikuwa mpishi wa msafara ule, na alitembea njia ile pamoja nao. Jina lake tunalo kwa sababu liliandikwa: Livingstone alikuwa na daftari, na mwanamke aliyempikia akamwandika. Mambo haya hayataki kaburi la marumaru. Yanataka mtu mwenye kalamu.

Dini inasemaje?

Wako watakaoniambia, dada, kuandika juu ya makaburi hakukupendezwa. Najua. Zimepokewa hadithi za kukataza kujengea makaburi na kuyaandika, na masheikh wetu wana maneno yao katika hilo. Nami sidai mtu ajengewe. Mtume (S.A.W.) alipomzika Uthman bin Madh'un aliweka jiwe kichwani pake ili apajue na awazike jamaa zake karibu naye. Jiwe linatosha. Lakini kwa kuwa kaburi letu ni la kimya, daftari la nyumbani lazima liseme. Kaburi halina maandishi, daftari hakuna, cheti hakuna: hapo tumemzika mtu mara mbili.

Nasaba si kiburi ikitumiwa inavyotakiwa. Katika hadithi aliyoipokea Tirmidhi tumehimizwa kujifunza nasaba kiasi cha kuunga udugu. Qur'ani katika Suratul Ahzab inaamrisha watu waitwe kwa baba zao, na kisa chake kinamhusu Zayd bin Haritha, aliyetekwa mtoto akauzwa, kisha akawa anaitwa kwa jina la Mtume mwenyewe mpaka aya ikamrudishia jina la baba yake. Alikuwa mtu aliyeuzwa, na Mwenyezi Mungu hakutaka nasaba yake ipotee.

Na mkewe Zayd? Sote tunamwita Ummu Ayman, yaani mama yake Ayman, Mhabeshi aliyemlea Mtume. Naye aliwahi kuwa mtumwa. Lakini wanavyuoni hawakuishia kwenye "mama Ayman". Wakatuandikia kuwa jina lake ni Baraka bint Tha'laba. Basi kumwita mwanamke kwa mwanawe ni heshima, na kulihifadhi jina lake ni haki. Hayo mawili hayagombani.

Kinachotufanya tunyamaze

Tuseme kweli. Wengi hawataki kuuliza kwa sababu wanaogopa jibu. Pwani yetu tuna methali kali: mwacha asili ni mtumwa. Basi kila mtu ajue asili yake ni ya maji gani, na akigundua kuwa bibi yake aliletwa kutoka bara kwa mnyororo, anafunga kitabu anasema sisi ni Washirazi.

Lakini yule bibi hakuacha asili. Asili yake ilinyang'anywa. Visiwani hali ya utumwa ilifutwa kisheria mwaka 1897, na masuria wakabaki nje ya sheria ile mpaka 1909. Upande wa Tanganyika ilikuwa 1922. Hayo si mambo ya kale sana. Kuna wazee walio hai ambao bibi zao waliyaona.

Majumba yanayojivunia ukoo nayo yasijitoe. Mtoto wa suria alikuwa huru na alirithi kwa baba yake, akaingia katika shajara ya ukoo, lakini mama yake akaachwa nje. Sayyida Salme, binti wa Seyyid Said aliyezaliwa hapa Unguja mwaka 1844, mama yake alikuwa suria kutoka nchi ya Wacherkessia. Tunajua kuwa aliitwa Jilfidan kwa sababu binti yake alimwandika katika kitabu chake kilichotoka Ujerumani mwaka 1886. Masuria wangapi wa jumba lile wamesahauliwa kwa kuwa watoto wao hawakuandika?

Na ukitaka kujua kama asili ya utumwa inamshusha mtu, itazame Bagamoyo. Sheikh Yahya bin Abdallah, tunayemjua kwa jina la Sheikh Ramiya, aliletwa pale kutoka pande za Kongo akiwa mtoto mtumwa. Alisoma, akasomesha, akawa khalifa mkubwa wa Qadiriyya Mrima nzima mpaka alipofariki mwaka 1931, na mwanawe Sheikh Muhammad akashika nafasi yake. Waungwana walikaa mbele yake kusoma. Aliyetokea ndani ya nyororo hakumwaibisha mtu.

Hasara ni yetu

Dada zangu, tusidhani jambo hili ni la wapenda historia. Mirathi ikifunguliwa, mahakama inataka cheti cha kifo na inataka kujua nani ni nani. Mwanamke anayerithi kwa upande wa mama ndiye anayeambiwa, "Wewe umetokea wapi?" Hana karatasi, jina la bibi yake halimo popote, na shamba linakwenda.

Kuna na jambo zito kuliko shamba. Suratun Nisaa imewaharamisha katika ndoa dada wa kunyonya kama walivyoharamishwa dada wa damu. Nani anajua mtoto gani alinyonyeshwa na jirani wakati mama yake mgonjwa? Hakuna ofisi ya serikali wala kanisa wala msikiti unaoandika hilo. Linajulikana na mama wawili watatu wa mtaani, na wao wakifa limekufa nao. Kila mwaka tunazika vichwa vyenye elimu hiyo, kisha tunaoza watoto kwa kubahatisha.

Tufanye nini?

Tuanze msibani, maana msibani ndipo ukoo unapokutana. Siku ya khitma, jamaa wa Pemba, Bagamoyo na Dar wako chumba kimoja. Sahani zikishaondolewa toeni daftari. Aliyekufa ni nani bint nani bint nani? Mama yake nani, na mama wa mama yake? Alizaliwa wapi, kazikwa wapi na pembeni ya nani? Kanyonya kwa nani, kanyonyesha nani? Waulizeni na waosha maiti, wao wanajua zaidi ya sote.

Mzee akisema hajui mwaka aliozaliwa, msimwachie hapo. Muulizeni alikuwa mkubwa kiasi gani Mapinduzi ya 1964 yalipotokea, na mama yake alikuwa akisimulia nini juu ya vita vya Mjerumani. Hapo mwaka utapatikana, au karibu yake.

Kisha andikisheni kifo, hata cha bibi aliyefia kitandani kwake kijijini. Sheria ya Tanganyika ya kuandikisha vizazi na vifo ni ya 1920, lakini kwa miaka mingi haikuwabana Waafrika, ndiyo maana wazee wetu hawamo. Leo hatuna udhuru. Bara kazi hiyo ni ya RITA na kifo kinatakiwa kuandikishwa ndani ya siku 30. Visiwani ni ya Wakala wa Usajili wa Matukio ya Kijamii, ulioundwa kwa sheria ya 2018. Kumbukeni kuwa ofisi hizi ni mbali mbali, maana jambo hili si la Muungano. Bibi aliyezaliwa Bagamoyo akafia Unguja, kumbukumbu zake zimegawika pande mbili za bahari, na anayemtafuta upande mmoja atasema hakuwahi kuwepo. Fomu ikija mezani, usiwaachie vijana wa kiume waijaze mbio mbio. Hakikisha jina la marehemu limekamilika, na herufi zake ndizo zile zile zilizomo kwenye kitambulisho chake.

Kwa wa zamani zaidi, nendeni Nyaraka za Taifa pale Kilimani. Zimo kesi za mirathi na hati za wakfu, na ndani yake wamo wanawake walioacha nyumba, mikarafuu na vyombo, kwa majina yao. Mimi naona wengi wetu tungelishangaa tungeliwakuta bibi zetu mle, walikuwa na mali na kauli.

Na mwisho, tangazo la kifo. Likiandikwa nyumbani kwako, la redioni au la kwenye simu, lisitoke kabla halijamtaja marehemu kwa jina lake, la baba yake na la mama yake. "Mama yake Fulani" lifuate baadaye. Kisha lihifadhiwe lisifutwe, maana wajukuu watakuja kulitafuta.

Mwenyezi Mungu awarehemu mama zetu na bibi zetu wote, tunaowajua majina na wale ambao majina yao yako kwake Yeye peke yake, ayafanye makaburi yao kuwa mabustani ya Pepo, na atujaalie kuunga pale palipokatika. Amin.