Nyumba Inapoingia Barabarani

Ukurasa huu kwa kawaida huzungumzia nyumba iliyosimama juu ya msingi wake: paa lake, jiko lake, ghala lake na usafi wake. Leo napenda tuitazame nyumba ya namna nyingine, nyumba iendayo. Huko Ulaya na Marekani familia nyingi husafiri kwa gari-nyumba. Mbele kuna injini na kiti cha dereva. Nyuma kuna vitanda, jiko, pipa la maji, na aghalabu hata choo. Wengine huifunga nyumba hiyo nyuma ya gari dogo na kuivuta kama trela.

Huenda msomaji akauliza: mambo hayo yatuhusu nini sisi? Yatuhusu sana. Watalii hukodi katika miji yetu magari yenye hema juu ya paa, na vijana wetu ndio wanaoyaendesha na kuyatengeneza. Yako pia magari ya zahanati, ya vitabu na ya upimaji wa ardhi ambayo watumishi hulala na kupika ndani yake. Na hata yule ambaye hatalala garini maisha yake yote, lazima siku moja atapanda basi au lori litakaloteremka mlima.

Gari-nyumba hutia hofu kwa sababu limekusanya mahali pamoja hatari za aina mbili. Limebeba hatari za nyumbani, yaani moto, gesi, moshi na hewa chafu. Na limebeba hatari za barabarani, yaani uzito, mwendo, mteremko na mpira unaopasuka. Mwenye nyumba ya kawaida huikimbia nyumba iwakapo moto. Mwenye gari-nyumba hana budi kwanza kulisimamisha.

Bara letu limeyajua magari haya tangu zamani. Mwaka 1938 Attilio Gatti, msafiri wa Kiitalia, alianza safari ya kuja katika Kongo ya Wabelgiji na matrela mawili makubwa yaliyovutwa na malori ya kampuni ya International Harvester. Ndani yake mlikuwa na vyumba vya kulala, sebule, jiko, bafu na mitambo ya kupoza hewa. Mwaka 1959 Mmarekani Wally Byam, mwanzilishi wa kiwanda cha matrela ya Airstream, aliongoza msafara wa matrela 41 na watu 106 kutoka Cape Town. Msafara ulipita Kongo, Uganda, Kenya na Ethiopia, ambako Mfalme Haile Selassie aliwapokea, ukamalizikia Cairo mwaka 1960. Watu walioyaona matrela yale yaking'aa kama sufuria mpya waliona anasa. Waliokuwa ndani waliona matope, akseli zilizovunjika, springi zilizokatika, na siku nzima kupotea kwa kuvuta trela moja shimoni. Fedha hununua gari zuri, lakini hainunui barabara.

MTEREMKO

Katika mabaya yote ya safari, hakuna linalotisha kama kanyagio la breki kuzama chini pasipo kulipunguza gari mwendo. Yafaa tuelewe kwa nini hutokea, maana wengi husema ni bahati mbaya, kumbe ni elimu ya shule ya msingi.

Breki huzuia gurudumu kwa msuguano, na msuguano huzaa joto. Gari-nyumba ni zito, na zito likiteremka mlima mrefu huku dereva akikanyaga breki bila kuachia, joto hupanda haraka kuliko upepo unavyoweza kulipoza. Mafuta ya breki nayo yana tabia ya kunyonya unyevu wa hewa. Mafuta mapya ya aina ya kawaida, iitwayo DOT 3, hayachemki kabla ya nyuzi 205 za sentigredi. Yakisha kunyonya maji yanaweza kuchemka kwenye nyuzi 140 tu. Yakichemka hufanya mapovu ya mvuke ndani ya bomba. Mvuke hubonyea, na mguu wa dereva hukanyaga mapovu badala ya kusukuma breki.

Miaka kadhaa iliyopita kazi ya ofisi ilinipeleka kusini-magharibi mwa Uganda pamoja na maofisa wenzangu wawili. Tulitumia lori la vitabu lililojengwa sanduku la bati nyuma, lenye rafu upande mmoja na vitanda upande wa pili. Dereva wetu alikuwa mzee wa makamo, mtu wa maneno machache. Tulipokwisha kupita Kanaba na kuanza kuteremka kuelekea Kisoro, mlima Muhavura ukiwa mbele yetu, nilimwona akikanyaga mara mbili, mara tatu, kwa haraka.

"Mzee, kuna nini?" nikamwuliza.

"Breki zimelegea, mwalimu. Shika chuma hicho, na usiseme nami sasa."

Hakupiga kelele wala hakuuzungusha usukani ovyo. Aliendelea kulipiga kanyagio, maana kulipiga mara nyingi huweza kurudisha nguvu kidogo. Akashusha gia moja, injini ikanguruma kama mnyama. Akangoja, akashusha nyingine. Mkono wa kushoto ukavuta breki ya mkono kidogo kidogo. Mkono wa kulia haukuacha usukani ila kwa kupiga honi, ili wachunga mbuzi waliokuwa mbele yetu wapishe. Kisha akaliegemeza lori kwenye ukuta wa udongo upande wa mlima, likakwaruza bati, vitabu vikatuporomokea nyuma kwa kishindo, nasi tukasimama. Upande wa pili wa barabara palikuwa na bonde, na ndani ya bonde palikuwa na mashamba ya watu.

Karakana iliyolihudumia gari lile kabla ya safari ilikuwa imeandika katika karatasi kwamba breki zimekaguliwa. Mzee alipofungua kifuniko cha chupa ya mafuta, tuliyaona meusi kama kahawa. Karatasi ilikuwa na muhuri. Mafuta hayakuwa yamebadilishwa. Laiti mtu mmoja angalitumia nusu saa kuyatoa, safari isingalitutia hofu ile.

Mafunzo ni haya. Gia ndogo huingizwa kabla ya kuanza kuteremka, si katikati. Breki hukanyagwa kwa nguvu kwa kitambo kifupi na kuachwa zipoe, si kushikiliwa nusu nusu hadi chini. Na desturi ya baadhi ya madereva ya kuteremka kwa gia huru ili kubana mafuta ni kuweka rehani roho za watu kwa thamani ya chupa moja ya dizeli.

MIPIRA YA MAGURUDUMU

Mwandishi John Steinbeck alizunguka Marekani mwaka 1960 kwa gari-nyumba alilolipa jina la Rocinante, akifuatana na mbwa wake. Katika jimbo la Oregon alipasukiwa na mpira mvuani. Yeye mwenyewe ameeleza kuwa alichukua vitu vingi kupita haja, navyo vilililemea gari. Hilo ndilo kosa la wengi. Nyumba hupenda kujaa. Sufuria moja huwa tatu, pipa la maji hujazwa hadi mdomoni, na kila lita moja ya maji ni kilo moja juu ya mpira.

Adui wa mpira ni joto. Mpira uliopungua upepo hujikunja kila gurudumu linapozunguka, nao hupata moto kutoka ndani. Adui wa pili ni umri. Gari-nyumba hukaa miezi mingi bila kutembea, na mpira wake huweza kuonekana mpya huku umeoza. Yatazame maandishi ya ubavuni: mna tarakimu nne zinazoonyesha ulipotengenezwa. Ukisoma 2318, ujue ulitengenezwa wiki ya 23 ya mwaka 2018. Muuzaji akikuambia ni mpya, tarakimu hizo ndizo shahidi wako.

Mpira ukipasuka mwendoni, usikanyage breki ghafula. Shika usukani kwa mikono miwili, lielekeze gari mbele, ondoa mguu kwenye mafuta polepole, uliache lipungue lenyewe, kisha uingie pembeni. Wengi hawaangushwi na mpira uliopasuka. Huangushwa na hofu iliyokanyaga breki.

MOTO NA HEWA YA SUMU

Hapa sasa mama wa nyumbani na msafiri ni kitu kimoja. Gesi ya kupikia ni nzito kuliko hewa. Ikivuja haipandi juu kama moshi. Hutulia sakafuni na kungoja cheche. Gesi yenyewe haina harufu, bali hutiwa harufu mbaya kwa makusudi ili tuitambue. Ukiisikia, usiwashe taa wala usiizime, usiwashe injini. Funga mtungi, fungua milango, watoe watoto nje kwanza. Na gari likiwa mwendoni, mtungi uwe umefungwa daima, maana mtikisiko hulegeza maungio.

Adui mwingine hana harufu hata kidogo. Ni kaboni monoksaidi, hewa itokayo kwenye makaa yanayowaka, kwenye jenereta na kwenye ekzosi ya gari. Damu yetu huipenda hewa hii zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni. Mtu aivutapo, damu yake hujaa mgeni huyo na kukosa nafasi ya kubeba uhai. Huanza kuumwa kichwa, kusikia kichefuchefu na usingizi mzito. Akilala, huenda asiamke.

Usiku uliotangulia mkasa ule wa breki, tulilala Kabale. Wenyeji wa huko hawahitaji kuelezwa baridi yao. Mwenzetu mmoja alileta sigiri yenye makaa mekundu, yasiyotoa moshi hata chembe, akaiweka katikati ya vitanda na kufunga mlango wa bati. Yule mzee aliyekuwa amelala kwenye kiti cha mbele aliuona mwanga kupitia kidirisha. Alishuka, akafungua mlango, akaichukua sigiri bila kusema neno, akaimwaga nje mvuani.

"Mzee, tutakufa kwa baridi," mwenzetu akalalamika.

"Wa baridi huamka akilalamika, kijana wangu," akajibu. "Wa makaa halalamiki." Akatupa blanketi lake.

Naandika habari hii si kwa ajili ya wenye magari tu. Katika vyumba vyetu vya kupanga, msimu wa mvua unapoanza, sigiri huingizwa ndani kuwapasha watoto moto. Kutokuwepo kwa moshi huwadanganya wazazi. Makaa mekundu yasiyo na moshi ndiyo yaliyowaua watu wengi wakiwa wamejifunika vizuri. Watie watoto nguo mbili, walaze pamoja, chemsha maji uyatie katika chupa na kuizungushia kitambaa. Lakini sigiri ilale nje.

GARI LINAPOKWAMA USIKU

Mwisho, gari huharibika hata kwa mtu mwangalifu. Ondoa gari barabarani kadiri uwezavyo. Weka alama ya pembetatu nyuma yako, hatua zisizopungua 50, na zaidi penye kona. Asiye na pembetatu hukata matawi mabichi, na desturi hiyo ni njema. Lakini gari likisha kutengemaa, yaondoe matawi, na zaidi ya yote yaondoe mawe uliyoyaweka magurudumuni. Jiwe ulilolisahau wewe saa mbili usiku ndilo atakaloligonga mwendesha pikipiki saa tano. Abiria nao wasikae ndani ya gari lililokwama barabarani wala nyuma yake. Wasimame kando, juu ya ukingo.

Nimeandika mengi, basi nayafupisha ili msomaji ayakate na kuyabandika ukutani:

1. Badilisha mafuta ya breki kila miaka miwili, na uyatazame kwa macho yako. Usiridhike na karatasi.

2. Ingia mteremkoni kwa gia ndogo.

3. Pima upepo wa mipira ikiwa imepoa, na usome umri wake.

4. Pakia nusu ya vile unavyotaka kupakia.

5. Funga mtungi wa gesi kabla ya kuwasha injini.

6. Usilale na makaa, garini wala nyumbani.

7. Ukiondoka mahali ulipokwama, ondoka na mawe yako.

Wahenga walinena kuwa usipoziba ufa utajenga ukuta. Katika nyumba iliyosimama, ufa hukupa miaka ya kufikiri. Katika nyumba iendayo, hukupa kitambo cha kushusha gia mbili. Juma lijalo, tukijaliwa, tutazungumza juu ya kuhifadhi maharage yasibunguliwe.